Nukta Nyuma ya Soko la Bwera

Afande Bwambale, mkuu wa upelelezi pale Kasese, alikuwa na kipaji cha kufunga mafaili. Wenzake hufunga faili wakishapata jibu. Yeye alifunga kwanza, na jibu likitaka kuja, lije lenyewe kwa miguu. Asubuhi ile alilisukuma faili la Kavira juu ya meza mpaka likagota kwenye vifungo vya koti la Sajini Ithungu.

"Amevuka," alisema. "Picha ya mwisho ya simu yake iko Kasindi. Mkongo amerudi Kongo. Sasa hapo upelelezi iko wapi?"

Kavira alikuwa msichana wa Butembo aliyekimbilia Uganda na mama yake. Kazi yake ilikuwa kupiga picha watalii kwenye ziwa la chumvi la Katwe. Simu yake aliitega kijanja: kila picha, ikishapata mtandao tu, ilijipeleka yenyewe kwenye albamu ya wazi, na mtalii akifika kwao Ulaya aliichukua humo bila kumsumbua mtu. Tangu wiki ya Pasaka hakuonekana tena Katwe. Aliyekuja kituoni kuandikisha kwamba amepotea alikuwa Gracien, mfanyabiashara wa kahawa kutoka Beni, mtu wa miwani ya fremu ya dhahabu, aliyeapa kwamba ni mke wake wa ndoa ya kanisani. Alilia vizuri sana. Askari wa zamu walisema leso yake ilikuwa imepigwa pasi, na baada ya kilio alituma kreti nzima ya soda kwa kituo.

Ithungu aliomba ruhusa ya jambo moja. Kabla ya kumpa mume habari, alitaka kuiona ile ramani kwa macho yake.

"Iangalie," Bwambale alimjibu. "Lakini jioni faili ilale."

Ramani ilikuwa kwa Ednah, kwenye ofisi ya utalii, chumba chenye feni iliyozunguka kama inayofikiria kuacha kazi. Ednah alikuwa ametumwa kutoka Fort Portal kuwasaidia wakubwa wa wilaya kujua watalii wanapita wapi, ili wajue pa kujenga vyoo, pa kuweka vibao na pa kupanda maua. Kazi aliifanya bila kutoka kitini. Kila picha ya simu hubeba ndani yake alama ya mahali ilipopigwa. Yeye alizikusanya zile ambazo watu wameziweka wazi mtandaoni, akaziangusha juu ya ramani zikawa nukta. Penye nukta nyingi palikuwa pekundu. Kikorongo, kwenye mstari wa ikweta, palikuwa pekundu. Katwe vilevile, na mjini Kasese palipo na hoteli.

Na palikuwa na doa jekundu kuliko yote, nyuma ya soko la Bwera, karibu na mpaka.

"Hii ndiyo imetushangaza, afande," Ednah alisema. "Watalii wanapenda huku, na hatujui wanapenda nini."

Alimweleza jinsi habari hiyo ilivyopokelewa. Diwani mmoja alisema Wazungu wanakuja kunusa samaki wa kukaushwa, eti kwao harufu hiyo imepigwa marufuku. Mwingine alidai bibi yake aliwahi kuona pale nyoka mwenye sharubu, na bila shaka habari zimefika Ulaya. Mabenchi yalikuwa yamekwisha kuagizwa kwa seremala, na kibao cha kukaribisha wageni kilikuwa kinasubiri rangi ikauke.

Ithungu aliomba afunguliwe picha zenyewe. Ednah alifungua ya kwanza. Ilikuwa kitenge kilichogongomewa ukutani, chenye miavuli ya rangi zote, myekundu, ya manjano, ya kijani. Ya pili ilikuwa kitenge hichohicho, na ya tatu, na ya nne. Ithungu alivuta kiti.

"Mtalii anapiga picha na yeye mwenyewe asiingie?" aliuliza. "Hata kidole cha ushindi hakuna?"

Ednah alianza kuzipanga picha upya, safari hii kwa simu badala ya mahali, na vidole vyake vikawa vinakwenda mbio kuliko feni. Simu moja ilianza na simba wa mbuga, ikaenda ikweta, ikaenda kitenge, ikanyamaza. Nyingine ilianza na sokwe, ikaja hoteli, ikaenda kitenge, kisha ikaibuka Beni kwenye harusi ya watu wengine kabisa.

"Hawa si watalii," alisema polepole. "Hizi ni simu zao."

"Zilizoibwa."

"Zikifika pale kuna mtu anazijaribu kamera. Anapiga kitu kimoja tu, chenye rangi nyingi, aone kama rangi zote zinatoka." Alivua miwani, akaifuta kwa kona ya blauzi. "Na mimi nimewaagizia mabenchi."

Ithungu alimwambia awape polisi ramani hiyo na wezi watakaa juu ya hayo mabenchi wakisubiri gari. Kisha akaomba safari ya simu ya Kavira peke yake.

Ilikuwa fupi. Katwe, Katwe, Katwe: watu wazima wameshika mabonge ya chumvi na kucheka kama waliookota almasi, na nyuma yao ukingo wa ziwa umenyooka, haukulala upande hata katika picha moja. Kisha kimya. Kisha kitenge cha miavuli, Bwera. Kisha picha ya mwisho, soko la Kasindi ng'ambo ya mto: meza ya nyanya, na kila kitu kimeinama kama kinachoteleza kwenda shimoni. Kwenye kona palikuwa na kidole gumba cha mpiga picha, kimeziba sehemu ya kioo. Ithungu aliomba kikuzwe. Kilikuwa kinene, na kando ya ukucha palikuwa na kovu jeusi la kuungua.

"Huyu si Kavira," alisema. "Msichana asiyelaza ziwa hawezi kulaza nyanya. Na kidole hiki kimeshika chuma cha moto cha fundi."

"Labda nukta imekosea mahali. Kwenye mabati nukta huruka, afande. Pale mpakani zingine huruka hata mto."

"Nukta inaweza kuruka. Kidole hakiruki."

Alisema kwa sauti lile alilokuja kulithibitisha: kwamba simu ilivuka na msichana hakuvuka, kwamba mahali pa mwisho Kavira mwenyewe alipokuwa ni Katwe, na Katwe kuna mashimo ya chumvi mengi ambayo hayamrudishi mtu. Ednah alizima kioo cha kompyuta kana kwamba kuna mtoto chumbani.

Ithungu alikuwa mlangoni aliposikia nyuma yake: "Mume wake pia aliuliza hiyo ya kitenge."

"Nani?"

"Bwana Gracien. Alikuja jana. Alitaka nimchapie kwenye karatasi, kubwa. Nikamchapia. Alikuwa analia, afande, ningefanyaje?"

* * *

Pikipiki ya polisi aliyopewa Ithungu ilisemekana iliwahi kumfukuza tembo barabarani kwa kelele tu, na tembo yule hajarudi upande ule mpaka leo. Ilimfikisha Bwera na masikio yakilia. Aliiacha mbele ya kituo, akafunga koti la kiraia juu ya shati, akazunguka nyuma ya soko kwa miguu.

Mafundi wa simu walikaa kwenye vibanda vilivyobanana, kila mmoja na meza yake, taa yake na redio yake. Kitenge cha miavuli kilikuwa kibanda cha tatu. Mwenyewe alikuwa mwanamume wa makamo mwenye shingo nene, msalaba wa mbao kifuani, anapuliza vumbi ndani ya simu kama anayemwamsha mgonjwa. Wenzake walimwita Benoît.

Ithungu hakutoa kitambulisho. Alitoa simu yake, akalalamika kwamba kamera inatoa ukungu. Benoît aliipokea, akaifuta kwa fulana, na kabla hata hajauliza ina tatizo gani mkono wake ulikwisha inyoosha ukutani. Kamera ililia. Kando ya ukucha wa gumba lake palikuwa na kovu jeusi.

"Iko muzuri, mama," alisema. "Rangi zote zinatoka."

"Zinatoka," Ithungu alikubali, na sasa akaweka kitambulisho juu ya meza.

Redio za vibanda vya jirani zilizimika moja baada ya nyingine. Ithungu alimpeleka nyuma ya kibanda, akamkalisha juu ya kreti, yeye akabaki amesimama. Alimhoji kwa njia aliyofundishwa: swali moja mara tatu, kila mara kutoka upande mwingine. Kuhusu simu za watalii Benoît alikunjuka bila shida. Zinaletwa na vijana, yeye anazifungua, haulizi zimetoka wapi, kwa sababu fundi anayeuliza hupata majibu na hukosa wateja. Aliyasema haya kwa upole wa mtu anayeungama kila mwezi. Lakini aliponyooshewa picha ya Kavira alianza kuuzungusha msalaba wake.

Ithungu alimwonyesha ile ya nyanya.

"Gumba ni lako. Nikipeleka hii kwa afande Bwambale, yeye anapenda faili inayofungika haraka. Msichana amekufa, na kidole chako ndicho cha mwisho kwenye simu yake."

"Hajakufa," Benoît alisema.

Alilisema upesi mno, na mara akaona amelisema. Msalaba ulisimama katikati ya vidole.

"Nani amekuambia hajakufa?"

"Afande, mi niko fundi tu."

"Nimekuuliza nani."

"Uliza mama yake," Benoît alisema. "Mi niliombwa kitu moja: vuka nayo pont, daraja ya mupaka, piga picha kule ng'ambo, kisha tupa simu ndani ya muto Lhubiriha. Nikavuka, nikapiga, nikatupa. Ile ya kitenge hakuna mutu aliniomba. Simu ikiingia mu mukono yangu, mukono inapiga yenyewe. Sikujua hata kama imepiga."

Basi hapo ndipo hila nzima ilipopasukia. Watu walikuwa wamepanga Kavira aonekane amevuka, wakasahau mazoea ya fundi wao. Angekuwa mshonaji au dereva, nukta zingeruka kutoka Katwe moja kwa moja hadi Kasindi, na Ithungu angekuwa kwake anachambua maharage.

Mama wa kibanda cha chai, Resty, aliyekuwa ametega sikio tangu mwanzo bila kujificha, aliona ni zamu yake. Alimwambia Ithungu kwamba jana jioni alipita mwanamume mwenye miwani ya dhahabu na karatasi mkononi, akilinganisha karatasi na kuta za vibanda, kimoja baada ya kingine. Hakupata alichotaka. Mke wa Benoît alikuwa amekichukua kitenge kwenda kukifua, maana kilikuwa kimeshika moshi wa chai ya Resty mwenyewe.

"Alisema atarudi," Resty alisema. "Alikunywa chai yangu akaiacha nusu. Mutu wa hivyo mimi simpendi."

* * *

Kabla ya kwenda kwa Jeanine, mama wa Kavira, Ithungu alipita kanisani. Wakatoliki wa Butembo walioko Bwera wana desturi moja inayojulikana mpaka kwa Waanglikana: mtu akipatwa na jambo, jambo hilo husomwa kwenye nia za misa kabla halijafika popote pengine. Huyu anaombea safari, yule anaombea goti, na imewahi kusomwa nia ya mbuzi aliyepotea, naye akapatikana kabla padre hajafika kwenye baraka. Ithungu alimwuliza katekista ni misa ngapi zimeombwa kwa ajili ya Kavira.

Katekista alikuna kichwa. Jina hilo halijaletwa hata mara moja. Yeye mwenyewe alishangaa, lakini akaogopa kumwuliza mama mwenye msiba.

Jeanine alikaa nyuma ya kanisa, chumba kimoja, na aliuza chumvi ya Katwe kwa kopo mlangoni. Alimpokea Ithungu kwa machozi yaliyokuwa tayari. Ithungu aliyaacha yaishe. Macho yake yalikuwa yanatembea: kikapu tupu kando ya kitanda, chenye buni chache kavu na udongo mwekundu kwenye nyufa; na juu ya kitanda, buti mpya za mpira zilizofungwa ndani ya khanga, ndogo, za mguu wa msichana. Miguu ya Jeanine ilikuwa mikubwa kama ya askari.

"Mama Jeanine," alisema, "kwa nini hukumletea mtoto wako nia ya misa?"

Machozi yalikatika kama bomba lililofungwa. Jeanine aliinuka, akasukuma mlango, akarudi kukaa karibu zaidi.

"Wakisoma jina yake kanisani, ule mutu atasikia," alisema. "Eko anakuja kila misa ya dimanche. Anaketi banc ya mbele. Anaangalia mi niko naomba nini."

Mengine aliyasimulia kwa sauti ya chini, bila kupumzika. Hakukuwa na ndoa yoyote. Gracien alimchukua Kavira kwa nguvu huko Beni, akamweka kwenye nyumba yenye kufuli, na alipotoroka mara ya kwanza alimrudisha akiwa na mkono umevunjika. Mara ya pili walivuka mpaka usiku mmoja na wakadhani yamekwisha. Kumbe zile picha za Katwe, zilizomletea Kavira wateja, zilimletea na yeye. Wiki ya Pasaka alikuja mtalii mmoja mwenye miwani ya dhahabu, akasimama ukingoni mwa ziwa na kumwambia Kavira ampige picha nzuri. Siku hiyohiyo msichana alimwachia mama yake simu, akaondoka Katwe.

Ithungu alimwuliza kama yuko tayari kuandikisha haya. Kwa taarifa yake iliyosainiwa, Gracien angeshikwa leo hii.

"Beni tuliandikisha," Jeanine alisema. "Polisi ilimupelekea karatasi. Aliisoma mbele yangu, polepole, kama anasoma epistola ya misa."

Ithungu hakubishana naye. Aliifikiria ile kreti ya soda kule Kasese. Bwambale angemwachia kwa dhamana kabla wino haujakauka, na mwenye miwani angetoka akijua kwamba mama amesema.

"Usiniulize mutoto eko wapi," Jeanine aliongeza.

"Siulizi," Ithungu alisema. Alikiinua kile kikapu, akakigeuza mlangoni na kukipigapiga mpaka buni ya mwisho ikaanguka. "Lakini kikapu kikitoka kwenye kahawa ya milima ya Kyarumba, kikung'ute kabla hakijaingia ndani. Kama mimi nimeona, mwingine ataona."

Jeanine aliishika mikono yake na hakuiachia kwa muda.

* * *

Kilichofuata hakimo kwenye mafunzo ya polisi ya nchi yoyote.

Benoît alikuwa na shemeji aliyetengeneza redio Kasindi. Jioni ile kitenge cha miavuli kiling'olewa Bwera, kikavuka daraja ndani ya mfuko wa unga, na kikagongomewa kwenye ukuta wa shemeji. Shemeji alifundishwa maneno machache: msichana alipita, akauza simu, akapanda gari la kwenda Beni. Ithungu alimrudishia mara nyingi mpaka akayasema kama mtu aliyechoka kuulizwa. Ukuta wa Benoît ulibaki na kibao kilichotundikwa juu ya matundu ya misumari.

Asubuhi Gracien aliitwa Kasese. Bwambale alikuwepo, ameridhika, faili mbele yake. Ithungu alimweleza mume aliyefiwa na matumaini kwamba mke wake amevuka, kuna fundi wa Kasindi amemtambua, poleni sana.

Gracien alisikiliza hadi mwisho. Kisha alikunjua karatasi mfukoni na kuilaza mezani, miavuli juu.

"Na hii, madame sergent? Ramani inasema Bwera."

"Hiyo iko Kasindi," Ithungu alisema. "Nimeiona jana kwa macho yangu, kwa fundi huyohuyo. Chini ya mabati nukta huruka. Muulize aliyekuchapia."

Gracien alimtazama. Miwani ya dhahabu ilikaa juu ya uso wake kwa muda ambao Bwambale alijaza kwa kukohoa. Kisha Gracien aliikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akashukuru, akaomba njia.

"Sasa imelala," Bwambale alisema akigonga mhuri.

Ithungu alimfuata Gracien kwa mbali hadi mpakani. Alimwona akisogea kwenye foleni ya uhamiaji katikati ya akina mama wenye mabeseni ya samaki, akigongewa mhuri, akiingia darajani. Chini, Lhubiriha ilikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Alivuka upande wa pili bila kugeuka. Benoît, aliyesimama kando ya Ithungu na kofia mkononi, alipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Simu ya Ithungu ililia. Ilikuwa Ednah.

"Afande, ile albamu ya Kavira. Imeingia picha mpya."

"Simu yake iko chini ya mto."

"Si simu ile. Amepata simu nyingine, akaingia kwenye albamu yake ya zamani. Labda alitaka tu kutazama picha zake. Lakini akiingia, ile mitego yake inarudi yote. Amepiga picha moja, na imejipeleka. Kyarumba. Imeonyesha hata njia ya kupandia."

"Ifute."

"Kwenye ramani yangu nimeshaifuta. Kule iliko siwezi, afande, albamu ni ya kwake."

Upande wa pili wa daraja, Gracien alikuwa amesimama. Alikuwa amefika karibu kabisa na vibanda vya Kasindi, na angetembea kidogo tu angekiona kitenge. Badala yake alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kiganja, kama watu wote siku hizi simu inapotikisika. Aliisogeza karibu na miwani. Kisha aligeuka.

Ithungu alimwambia Benoît akimbie kwa Jeanine, sasa hivi, asisimame hata kwa salamu, na mtu apande Kyarumba kwa pikipiki kumtoa msichana pale alipo. Benoît alikimbia, na kofia ikabaki chini.

Gracien alirudi darajani akiwapita wanawake wa samaki kwa bega. Ng'ambo ya katikati Ithungu hakuwa na mamlaka kuliko muuza nyanya. Alingoja. Gracien alipokanyaga nusu ya Uganda, Ithungu alimshika mkono, na pingu ikafunga kabla hajainua macho kutoka kwenye simu.

"Gracien, nakukamata kwa kutoa taarifa ya uongo kwa polisi. Uliapa ndoa ya kanisani. Padre gani aliwafungisha?"

Gracien hakujivuta wala hakupaza sauti. Aliitengeneza miwani kwa mkono uliobaki huru.

"Kwa kosa hilo utaniweka siku ngapi, madame?" aliuliza kwa adabu. "Afande Bwambale ni rafiki yangu."

Ithungu alimkabidhi kwa askari wawili wa mpakani na kuichukua simu yake. Kioo kilikuwa bado kinawaka. Ilikuwa picha ya kiganja cha msichana kilichojaa buni mbivu, nyekundu, zenye umande, na nyuma yake ukingo wa milima umenyooka bila kulala upande hata kidogo. Chini yake wageni wa Katwe wa zamani walikuwa wameanza kuandika, mmoja baada ya mwingine, wakifurahi kumwona tena, wakisifu rangi, wakiuliza ni wapi huko pazuri namna hiyo.

Na simu, bila kuulizwa mara ya pili, ilikuwa imekwisha wajibu: Kyarumba.